Mkaguzi: Mama Tonge

9 Januari

Kaka,

Nakusalimu kwanza, maana nikiruka salamu utauliza nimelelewa na nani, wakati tumelelewa na mtu mmoja. Hapa wote wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, na habari ya daktari hataki kuisikia. Anasema goti lake analijua yeye. Mume wangu bado yuko na lifti zake. Wiki hii wamempa jengo la ghorofa tisa, lifti inasimama ghorofa ya nne kila mara, na huko ghorofa ya nne hakuna aliyeiita. Tonge ameota jino la tatu. Anauma kila kitu, pamoja na mimi. Nakuandikia amelala kifuani, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani ni machozi.

Naandika kwa karatasi kama ulivyotaka, kwa kuwa ulisema barua za kompyuta unaruka mistari. Hii usiruke.

Mwezi wa kumi na moja uliniambia nifungue akaunti kule kwenye kivinjari chenu, Kobe. Ukasema utakuwa unanitumia kiungo, nikikifungua nitaona kitufe kimeandikwa "Nimekagua", nibonyeze, basi. Ukasema ni utaratibu tu, kazi ya mtu haipiti mpaka jicho la pili liione. Nikasema sawa, jicho ninalo. Nimebonyeza mara kumi na moja. Nyingine nilikuwa nanyonyesha, moja nilikuwa na sabuni mkononi nikabonyeza kwa kiwiko.

Juzi nimepata ujumbe wa mtu nisiyemjua: "Mkaguzi Mama Tonge, asante kwa kazi yako kubwa. Bila watu kama wewe Kobe angekuwa ameshakufa."

Kazi gani, kaka? Na kwa nini angekufa? Mimi nilidhani intaneti ni intaneti, unafungua inafunguka. Nieleze tangu mwanzo, polepole, kama unamweleza mtu aliyelala kwa saa tatu tu, maana ndivyo nilivyo.

Mdogo wako, na meno matatu ya mpwa wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika zote, hata ya goti. Mimi mzima. Chumba ni kile kile, meza ile ile, na jirani wa juu bado anaburuta viti kama anahama kila siku. Sisi huku kazi nyingi, tunashukuru.

Umetaka mwanzo. Ukurasa wa intaneti unapokuja kwenye kompyuta yako unakuja kama rundo la maagizo: hapa weka picha, hapa andika kwa wino mwekundu, hapa weka kitufe. Kivinjari ndicho kinachoyasoma maagizo hayo na kukuchorea. Zamani ilikuwepo kampuni iliyotengeneza kivinjari na kukiuza. Kampuni kubwa kuliko hiyo ikatengeneza chake, ikakiweka bure ndani ya kila kompyuta mpya. Nani atanunua maji na yuko kwenye mvua? Ile ndogo ikaanza kufa. Kabla ya kufunga milango, wakubwa wake wakafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa ukarimu au hasira. Wakaianika programu yao hadharani, kila mstari ulioandikwa, wakasema: chukueni, someni, rekebisheni, ni ya wote.

Tulijitokeza watu arobaini na mmoja. Wengi sijawahi kuwaona kwa macho. Tulidhani tumepewa nyumba. Kuingia, tukakuta kila ukuta umeegemea mwenzake. Ukifungua bomba jikoni, taa ya chumbani inazima. Mwaka na nusu tulipiga viraka. Mwisho mmoja wetu, tunamwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha hesabu, akasema tubomoe. Tukagombana wiki sita, tukabomoa. Miaka mitatu hatukuwa na cha kumwonyesha mtu. Watu wakatuandikia kwamba tunakwenda kama kobe. Tukaona hilo jina halina ubaya. Alipotoka, Kobe alikuwa mwepesi kuliko vivinjari vyote, na waliompenda kwanza ni wenye kompyuta kuukuu ambazo wengine walishazitupa.

Jicho la pili nalo lina sababu, na sababu ni mimi. Mwaka ule wa kwanza niliona kosa dogo, nikalirekebisha, nikalipitisha mwenyewe mchana ule ule, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Kesho yake maelfu ya watu wakafungua Kobe wakakuta anwani zote walizohifadhi zimefutika. Niliomba radhi mpaka maneno yakaniisha. Ndipo mimi mwenyewe nikapendekeza sheria, tukaifunga ndani ya mashine: hakuna mtu, awe mwanzilishi awe nani, anayepitisha kazi yake. Ukijaribu, mashine inakataa.

Kwa hiyo unasaidia sana. Mbusu Tonge mahali pasipo na meno.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Tumeamka salama. Tonge alikuwa na mafua, yamepona, akaniachia mimi. Mama amehamia chumba cha chini kwa hiari yake. Anasema si kwa sababu ya goti, ni kwa sababu ya dirisha.

Hadithi yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa macho. Ni nzuri. Lakini nimekuuliza mlango uko wapi, wewe umenisimulia nyumba ilivyojengwa. Hao arobaini wako wapi mpaka jicho la pili liwe langu, mimi karani wa zahanati?

Maana hujui jambo moja. Pale zahanati tuna kompyuta nne za masijala, za kupewa, kila moja ina umri wa kuolewa. Hakuna kivinjari kingine kinachokubali kufunguka humo isipokuwa Kobe. Kadi zote za chanjo za watoto tunaziandika humo. Nilijisifu kwa Sista Mkuu, nikamwambia Kobe ni wa kaka yangu. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Basi mwambie kaka yako aache kulala, ukurasa wa chanjo unachukua dakika nzima." Ndiyo shukrani yako hiyo, nimekufikishia.

Jumapili mume wangu alinikuta nabonyeza.

"Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Umekagua nini?"

"Kazi ya kaka."

"Sijakuuliza ya nani. Nimekuuliza nini."

Akasema kwao fundi mmoja akitengeneza lifti, fundi wa pili haweki sahihi mpaka aipande mwenyewe, juu mpaka chini, mlango umefungwa. "Wewe hiyo yako," akasema, "umeipanda?"

Nilimwambia akamwage maji ya kuogeshea mtoto. Lakini neno lake limenikaa. Ya Jumapili nimeibonyeza, kwa sababu ni wewe. Niambie nabonyeza nini.

Mwenye mafua


30 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe ukimya. Mafua yaishe, goti lipoe, dirisha la Mama liwe zuri kama anavyotaka.

Watu huja na kuondoka, ndivyo kazi za kujitolea zilivyo. Kuna wakati tuligawanyika. Baadhi walitaka tuchukue injini ya ile kampuni kubwa tuiweke ndani ya Kobe, ganda letu na moyo wao. Mimi nilikataa. Watu kumi na tisa wakaondoka na nakala ya kila kitu, wakaanzisha kivinjari chao. Wanaruhusiwa. Hiyo ndiyo maana ya kitu cha wote. Hatukugombana sana.

Hayo ni ya zamani. Sasa tunasafisha stoo. Kuna sehemu za zamani ndani ya Kobe ambazo hazitumiwi na watu wengi, kuzilinda ni kazi kubwa, tunaziondoa. Nimekutumia kiungo. Badiliko ni refu, usihangaike kusoma. Bonyeza tu.

Kaka


19 Aprili

Kaka,

Salamu ni hizi: tu wazima, asante Mungu, na leo sina nyingine. Mama nilimweleza kuhusu wale kumi na tisa. Akauliza kwa nini hukwenda polisi. Nikamwambia hawakuiba, walichukua nakala, na yenyewe imebaki. Akasema, "Kama imebaki, mbona wameondoka nayo?" Nikashindwa. Nikampa mtoto amshike.

Ile ya stoo niliibonyeza. Jumanne iliyofuata, Kobe akajibadilisha mwenyewe kwenye kompyuta zote nne kama kawaida yake. Tukafungua. Ukurasa mweupe. Nikazima, nikawasha, mweupe. Namba mbili, mweupe. Nje foleni imefika barabarani, watoto wanalia kwa zamu kama wamepangwa. Siku tatu tuliandika kwenye madaftari, hatuna cha kuangalia nani kapata nini. Kuna mtoto alikuwa ameshawekwa pajani tayari kwa sindano, mama yake akasema, "Mbona hii aliipata mwezi jana?" Alikumbuka yeye, sisi hatukujua. Angekuwa amechoka kama mimi asingekumbuka.

Siku ya nne akaja fundi wa kompyuta, mzee mmoja mpole. Akatafuta, akapata tangazo la mabadiliko, akalichapa kwenye karatasi ya ofisini kwake, akamsomea Sista Mkuu mbele yetu wote. "Kobe hatafanya kazi tena kwenye kompyuta za zamani. Mtengenezaji," likaja jina lako. "Mkaguzi: Mama Tonge."

Sista Mkuu alinitazama, akamtazama Tonge mgongoni kwangu, akarudi ofisini. Afadhali angenitukana.

Fundi ameturudishia Kobe wa zamani kwa muda, ila anasema hatadumu, ukurasa wa chanjo, ule wa wizara, utamkataa mwisho wa Julai.

Ulijua kuwa stoo unayosafisha ndimo tunamokaa? Nilikuandikia mwezi wa pili, kompyuta kuukuu, nne. Uliisoma ile barua au uliruka mistari?

Sibonyezi tena. Na nijibu hili moja tu, historia weka kando: uko na nani huko?

Dada yako


24 Mei

Mdogo wangu,

Mwanzo wa barua hii nimeuandika mara nyingi. Msalimie Mama. Msalimie shemeji, alikuwa na haki kuhusu lifti.

Barua yako ya Februari niliisoma yote. Nilidhani kompyuta zenu ni kuukuu za kawaida, sikujua ni kuukuu kiasi hicho, na sikuuliza kwa sababu ningekuuliza ningelazimika kukueleza kwa nini sina pa kujaribia. Mimi ninayo kompyuta moja, mpya.

Niko peke yangu. Wale kumi na tisa walipoondoka tulibaki ishirini na wawili. Wengine walipata kazi, wengine walioa, mmoja aliumwa. Mwalimu alichoka. Wa mwisho ni yule aliyekuwa ananikagulia mimi. Mke wake alijifungua mwaka juzi, naye akasema atarudi kazini mtoto akianza kulala. Hajarudi. Simlaumu, naona unavyoandika.

Na mashine ikaendelea kudai jicho la pili. Ningeweza kuiondoa sheria, lakini kuiondoa nayo ni badiliko, linahitaji jicho la pili. Nilicheka peke yangu humu chumbani. Halafu nikakukumbuka wewe.

Watu bado wanamtumia Kobe. Wananiandikia "ninyi", nami nawajibu "sisi". Mama naye anaamini nina ofisi, anauliza wenzangu wanakula nini mchana. Ningemwambiaje?

Nimetengeneza dawa ya kompyuta zenu. Ni toleo la majaribio, limo kwenye kiungo. Tafadhali lipitishe, Kobe arudi zahanati. Baada ya hapo sitakuomba tena.

Kaka


11 Juni

Kaka,

Mama hajambo, goti halijambo, meno yamefika sita. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, nikakaa hapo hapo.

Dawa yako sijaipitisha.

Nilikwenda kwa Sista Mkuu, nikamweleza yote, hata kubonyeza kwa kiwiko. Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaweka sahihi kwenye karatasi usiyoisoma." Nikasema ndiyo. Akasema, "Hapa ningekufukuza." Halafu akanipa kompyuta namba tatu, saa ya chakula cha mchana, siku tano. Akamshika Tonge mwenyewe.

Nimeipanda lifti, kaka. Nimemwandikisha mtoto wa uongo, nikampima uzito, nikamchanja chanjo zote, nikamhamisha zahanati, nikamrudisha. Siku tatu kila kitu kikaenda, nikawa nakusifu. Ya nne nikachapa kadi. Ikatoka nzuri, ila mstari wa mwisho haupo. Mstari wa mwisho ni tarehe ya kurudi. Mama angeondoka na kadi safi isiyomwambia arudi lini. Nikachapa tena, haupo. Nikajaribu namba moja, haupo.

Kando ya "Nimekagua" kuna kitufe kingine, "Nakataa". Sikuwahi kukiona, au nilikiona sikukijali. Nimekibonyeza. Chini yake wanataka sababu, nikaeleza habari ya tarehe. Halafu pakawa na nafasi imebaki, nikaandika hivi:

"Mimi Mama Tonge si fundi, ni karani na ni dada yake. Nilikuwa nabonyeza bila kujua, naomba radhi kwa niliowaharibia. Fundi wa Kobe yuko peke yake, mwaka wa pili huu. Anayeweza kukagua kwa kweli ajitokeze."

Najua hukutaka watu wajue. Nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka Sista Mkuu akauliza kama kompyuta imeganda. Lakini mtoto wa mtu karibu achomwe mara mbili kwa siri yako na jina langu, kaka. Mbili hizo siwezi kubeba pamoja.

Mpaka leo wamejibu watu thelathini na kitu. Sielewi nusu. Wengine wanakulaumu, wengine wananilaumu mimi, wawili wanagombana wao kwa wao nani alipaswa kukutafuta kwanza, na wote wawili hawakukutafuta. Mmoja ameuliza Tonge ni nini.

Mama sijamwambia. Huyo ni wako.

Anayekupenda na hajapitisha


8 Julai

Mdogo wangu,

Siku mbili nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilisema umenivua nguo sokoni. Siku ya tatu Mwalimu akanipigia simu. Miaka minne sijasikia sauti yake. Nilijiandaa kwa lawama, akaniuliza tu, "Mbona hukusema?" Akauliza mara mbili, halafu akasema simu inamla salio.

Kosa la tarehe limerekebishwa. Hutaamini na nani: mwanamke mmoja wa wale kumi na tisa. Mistari mitatu tu. Dawa nzima akaikagua Mwalimu, akanikatalia mara mbili, akaniuliza maswali kumi na manne, mengine ya kuudhi, ndipo akaipitisha. Sijakataliwa na mtu anayejua kazi kwa muda mrefu sana. Nilitembea chumbani huku na huku kama mtu aliyepata habari njema. Jaribuni sasa, mniambie.

Lakini hawakuja kubaki. Wanasema waziwazi: Kobe apumzishwe. Watumiaji wake wahamie kwenye kivinjari cha wale kumi na tisa, na mimi nihamie nao, wana mahali. Labda wana haki. Nimeipa kazi hii nusu ya umri wangu wa utu uzima, na wanataka jibu mwisho wa Agosti. Nikifunga, sijui mimi ni nani. Nisipofunga, tutarudi pale pale. Wewe unaonaje?

Humu ndani kuna barua kwa Mama. Imefungwa, lakini najua utamsomea wewe.

Kaka yako, aliyekataliwa mara tatu


25 Julai

Kaka,

Hatujambo. Tonge amesimama peke yake, akashangaa, akakaa. Kompyuta zote nne zinafanya kazi, na tarehe inatoka. Sista Mkuu anasema ukurasa bado ni dakika nzima.

Mama nimemsomea. Alikuwa dirishani, hakugeuka mpaka nilipomaliza. Nikamwuliza umesikia? Akasema, "Nilijua. Kila nikimwuliza wenzake wanakula nini, chakula kilikuwa kile kile anachokula yeye." Halafu akataka kujua kama unakula.

Unaniuliza nionaje. Kaka, mimi nimechanganyikiwa kuliko Januari. Kitu ni cha wote na kina mtu mmoja. Watu wanaondoka nacho na kinabaki. Waliokukimbia ndio wamekupa mistari mitatu. Halafu wanasema apumzishwe, na hapa asubuhi ya leo amefunguliwa mara mia mbili na kumi, nimehesabu. Usiniulize mimi kufunga au kutofunga. Nikikujibu nitakuwa nabonyeza tena bila kusoma.

Ila jambo moja nalijua. Hujawahi kumwona mtu hata mmoja akimtumia Kobe. Miaka yote hiyo umekaa nyuma ya meza, na jirani wa viti juu yako. Hilo la kufunga haliwezi kuamuliwa kutoka humo chumbani, na mimi sitakubali uliamue kutoka humo.

Nimeshaomba ruhusa. Jumatatu tarehe kumi na mbili Agosti utakaa dirisha namba tatu, kwenye kiti changu, mimi nitasimama nyuma yako na mtoto. Utaandikisha watoto kutwa. Utaona dakika moja ni ndefu kiasi gani ukiwa umebeba mtu anayelia. Hao wa nakala wakitaka kuja nao waje, kiti cha pili kipo. Jioni utakula kwa Mama, atakuuliza maswali, utajibu yote. Baada ya hapo ukifunga nitakusaidia kuandika tangazo, na usipofunga nitakusaidia kutafuta watu, ila kwa saa ya chakula cha mchana tu, siku zisizo za kliniki kubwa.

Foleni inaanza saa moja na nusu asubuhi. Utaanza kwa kuipanga, vaa viatu vya kusimama.

Mdogo wako